Zana za kuchagulia rezidensi ya magonjwa ya akili Marekani: ipi ina maana, ipi ni mapambo

Anayetaka kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili Marekani hana shida ya kukosa habari. Habari zimejaa, ila nyingi zinajibu swali ambalo hakuuliza. Ataambiwa hospitali gani ina jina, nani anachapisha tafiti nyingi, mji gani una hali ya hewa nzuri. Hataambiwa kwamba usiku wa Jumamosi atakuwa peke yake na vitanda vingapi. Uhakiki huu unapitia zana wanazotumia wanafunzi wengi, kuanzia hifadhidata hadi usaili wa video, na kuzipima kwa jambo moja: zinakuonyesha kazi yenyewe, au zinakuonyesha kibao cha mlangoni?

Kwanza yale yasiyobadilika, ili yasikupotezee muda. Rezidensi hii, yaani mafunzo ya ubingwa ambayo daktari huyapata akiwa kazini hospitalini, ni ya miaka minne, na kila programu yenye ithibati ya ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya ubingwa huko, inabanwa na vipimo vilevile. Kuna angalau miezi minne ya tiba ya jumla, yaani magonjwa ya ndani, watoto au tiba ya familia, na miezi miwili ya mishipa ya fahamu. Kuna miezi isiyopungua sita ya wodi za akili, miwili ya watoto na vijana, miwili ya kushauri wodi nyingine za hospitali, mmoja wa wazee, mmoja wa uraibu, na mwaka mzima wa kliniki ya wagonjwa wa nje, ambao programu nyingi huuweka mwaka wa tatu. Saa za kazi hazitakiwi kuzidi 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne. Usimamizi usipungue saa mbili kwa wiki, moja yake ya rezidenti na msimamizi peke yao. Programu ikijisifu kwamba rezidenti wake hupita wodi ya wazee, haijakuambia kitu, kwa sababu kila mtu anapita. Tofauti iko pale kanuni ziliponyamaza: zamu za usiku zimepangwaje, nani anasimamia tiba ya mazungumzo, kliniki ya mwaka wa tatu ina wahudumu gani, na wagonjwa wanatoka wapi.

FREIDA ndiyo pa kuanzia. Ni hifadhidata ya Chama cha Madaktari cha Marekani, AMA, na ubora wake ni mchujo: unachagua fani, jimbo, idadi ya nafasi na aina ya viza, na orodha ndefu inapungua ndani ya dakika chache. Baadhi ya vipengele vimefungiwa wanachama, lakini vya bure vinatosha kwa kazi hii. Udhaifu wake ni kwamba taarifa hujazwa na programu zenyewe, na kisanduku kilichotiwa alama mwaka juzi kinaweza kubaki vilevile hata sera ikibadilika. Safu ya viza ndiyo ya kushuku zaidi. Itumie kupata majina, kisha mwandikie mratibu wa programu barua pepe ya sentensi mbili kabla ya kulipa chochote. Nyota tatu na nusu kati ya tano.

Residency Explorer, ya AAMC (Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani) na washirika wake, inajibu swali jingine: wanaochukuliwa na programu hii wanafanana na mimi? Unaingiza alama za Step 2, hatua ya pili ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani (USMLE), idadi ya kazi za kujitolea na tafiti, kisha unaona umekaa wapi kati ya waliowahi kupokelewa. Tangu Step 1 ianze kutolewa majibu ya kufaulu au kufeli tu, Januari 2022, uzito mwingi wa namba umehamia Step 2, kwa hiyo usiangalie takwimu za kabla ya hapo ukazifanya kipimo chako. Kwa aliyesoma nje ya Marekani kipengele muhimu ni kimoja: programu hii huchukua waliosoma nje au haiwachukui? Programu ikiwa haionyeshi hata mmoja kwa miaka kadhaa, ada ya maombi pale ni sadaka. Nyota nne. Isome pamoja na Charting Outcomes, ripoti ya takwimu ya NRMP, mfumo wa kitaifa unaooanisha waombaji na programu kwa orodha ambazo kila upande hupanga. Ripoti hiyo hutenganisha waliosoma Marekani na waliosoma nje, na huonyesha uhusiano wa idadi ya programu ulizopanga kwenye orodha na uwezekano wa kupata nafasi.

Doximity Residency Navigator inapendwa kuliko zote, na ndiyo inayostahili kutiliwa shaka zaidi. Mpangilio wake wa umaarufu unatokana na madaktari kuombwa kutaja programu wanazoziona bora. Daktari hutaja alikosoma, au jina alilolisikia tangu akiwa shuleni. Matokeo ni kwamba vyuo vikubwa vyenye wahitimu wengi hubaki juu, na programu ya watu wanne inayofundisha vizuri katika hospitali ya kaunti haionekani kabisa. Vipimo vyake vingine, kama ukubwa wa programu na maoni ya rezidenti, vina manufaa kidogo. Lakini kumpa mwanafunzi namba 14 na namba 31, akaamini kwamba kati yao kuna tofauti, ni kumchezea akili. Nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya viungo vya tovuti za programu.

Hili la majina linahitaji kukaziwa, kwa sababu fani hii ina historia inayovutia. Tiba ya mawazo na tabia, CBT, inahusishwa na Aaron Beck wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. DBT, tiba ya mazungumzo kwa wanaolemewa na hisia kali, iliundwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Hospitali ya McLean, ambayo rezidensi yake imeunganishwa na ya Massachusetts General, ina sifa tangu karne ya 19. Yote ni kweli. Lakini mbinu kuzaliwa katika chuo fulani hakumaanishi kwamba rezidenti wa pale leo ana msimamizi wa mbinu hiyo kila wiki. Msimamizi anaweza kuwa yuko idara nyingine, jengo jingine, au amestaafu. Swali la kuuliza ni dogo: rezidenti wa mwaka wa tatu ana wagonjwa wangapi wa tiba ya mazungumzo kila wiki, kwa mbinu zipi, na ni nani anayesikiliza kanda zake au kutazama video za vikao?

Majedwali ya mtandaoni yanayojazwa na waombaji bila majina ni soko la samaki jioni: kuna samaki mzuri na kuna aliyeanza kunuka, na wote wako meza moja. Yanafaa kwa jambo moja tu, kujua tarehe ambazo mialiko ya usaili imeanza kutoka. Kwa malalamiko, hesabu marudio. Mtu mmoja akisema programu fulani ni mbaya, huenda hakualikwa. Watu watatu wa misimu mitatu tofauti wakitaja jambo lilelile, tuseme mkurugenzi wa programu anayebadilika kila mwaka, lipeleke kwenye usaili ukaliulize kwa adabu.

Tovuti za programu zenyewe husomwa ovyo. Wengi hutazama picha za rezidenti wakila aiskrimu, wakafunga ukurasa. Kinachotakiwa ni ratiba ya mizunguko, yaani wodi na kliniki anazopitia rezidenti, ya mwaka mmoja mmoja. Ichapishe, chukua kalamu, hesabu. Wodi za akili miezi mingapi? Sita ni kima cha chini. Zikifika 14, programu inaendesha wodi kwa nguvu za rezidenti. Mwaka wa nne una miezi mingapi ya hiari? Kisha tazama majina ya hospitali. Hospitali ya maveterani, VA, itakupa majeraha ya vita, uraibu na wagonjwa wengi wanaume. Hospitali ya jimbo itakupa saikosisi ya muda mrefu na klozapini, dawa ya walioshindikana kwa dawa nyingine. Hospitali ya kaunti itakupa dharura, watu wasio na makazi na wasio na bima. Ya binafsi itakupa wenye bima na siku chache za kulazwa. Programu yenye aina tatu kati ya hizo hukuza daktari tofauti na yenye aina moja, hata kama hiyo moja ina jina kubwa. Angalia pia umbali kati ya vituo. Hospitali mbili zilizo dakika 50 kwa gari maana yake unahitaji gari, na gari halijaandikwa popote kwenye ukurasa wa mishahara.

Jimbo nalo si mandhari tu. Sheria ya kumlaza mgonjwa bila ridhaa ni ya jimbo, na ndiyo inayounda kazi ya kila siku ya chumba cha dharura. California ina kifungu 5150 cha saa 72. Florida ina Baker Act, nayo ya saa 72. New York ina kifungu 9.39 kinachoruhusu hadi siku 15 kwa masharti yake. Pale muda ni mfupi, utaandika fomu na kwenda kwenye vikao vya kusikiliza kesi mara kwa mara tangu mwaka wa kwanza. Anayependa upande wa sheria na mahakama atafurahi, asiyependa atachoka mapema.

Sasa ERAS, mfumo wa kutuma maombi. Kama huduma, inafanya kazi yake: fomu moja, barua za mapendekezo zinaingia zenyewe, programu zinafunguliwa faili mwishoni mwa Septemba. Kama biashara, inakula pesa. Msimu wa 2025 ilitoza dola 11 kwa kila programu hadi ya 30, na dola 30 kwa kila moja kuanzia ya 31. Maombi 30 ni dola 330. Maombi 60 ni dola 1,230. Nusu ya pili imekugharimu karibu mara tatu ya nusu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo nusu iliyojazwa kwa hofu.

Kilichobadilisha mchezo ndani ya ERAS ni ishara, alama unazozipa programu chache kuonyesha kwamba unazitaka kweli. Magonjwa ya akili ilikuwa na ishara 10 msimu wa 2025. Kosa la kwanza ni kuzimalizia zote kwenye majina makubwa, ambako kila mwombaji naye ameweka yake. Kosa la pili ni kudhani programu ya chuo chako au uliyofanyia mzunguko haihitaji ishara. Mwongozo wa AAMC unasema nazo zipewe. Mgawanyo wenye akili ni mbili au tatu za ndoto, tano au sita ambako takwimu zako zinakaa katikati na una sababu ya kueleza, na zinazobaki ambako una uhakika kiasi. Kipengele cha maeneo unayopendelea nacho kina kisanduku cha maelezo cha herufi 300. Kisijazwe maneno matamu. Andika kitu kinachoshikika: ndugu walioko pale, jamii unayotaka kuitibu.

Hapo msomaji wa Kiswahili ana karata ambayo wengi huisahau. Wakimbizi kutoka Kongo ni miongoni mwa makundi makubwa yaliyohamishiwa Marekani katika miaka ya karibuni, na wengi wao wanaongea Kiswahili. Kliniki zinazowahudumia huhangaika kupata wakalimani, na katika fani hii mazungumzo ndiyo kipimo, ndiyo dawa. Mgonjwa akisema "moyo unaniuma" au "mawazo yamenizidi", mkalimani asiye makini atamtuma kwa daktari wa moyo. Jaza lugha kwenye ERAS kwa kiwango chake halisi, na ujue kwamba hospitali nyingi hudai upimwe lugha kwanza kabla ya kuongea na mgonjwa bila mkalimani.

Usaili kwa video ulishika kasi tangu janga la 2020 na haukuondoka. Kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi ni nafuu kubwa: hakuna tiketi, hakuna hoteli. Hasara yake ni kwamba huoni wodi. Huoni kama mlango wa chumba cha dharura una mlinzi, wala kama chumba cha kulala wa zamu kina kitanda. Inabidi maswali yafanye kazi ya macho, na kikao cha thamani ni kile cha rezidenti peke yao, mkurugenzi akiwa ameondoka. Mtafute wa mwaka wa tatu. Wa kwanza bado yuko magonjwa ya ndani, wa nne ameshaona mlango wa kutokea.

Maswali yawe ya namba. "Zamu zikoje?" hujibiwa "si mbaya". Uliza hivi: usiku wa Jumamosi, rezidenti wa mwaka wa pili anawajibika kwa vitanda vingapi, simu za wodi ngapi, na chumba cha dharura kipo juu yake pia? Msimamizi yuko jengoni au nyumbani? Akipigiwa saa tisa usiku, hupokea? Zamu ni za wiki nzima za usiku au za saa 24? Mwaka wa tatu na wa nne bado wanashika zamu? Kisha kliniki: mgonjwa wa kurudi anapewa dakika 15 au 30? Kuna ofisa ustawi wa jamii, au rezidenti mwenyewe anapambana na vibali vya bima? Julai, wanaohitimu wanapoondoka, wagonjwa wao hugawiwa vipi? Hapo ndipo programu nyingi huvuja. Rezidenti mpya wa kliniki anarithi orodha ya watu asiowajua, wengine wakiwa wametumia benzodiazepini, dawa za kutuliza zinazozoesha mwili, kwa miaka, na wiki ya kwanza inaisha hajasoma hata nusu ya mafaili.

Swali jingine ambalo wachache hulijua: mwaka uliopita, wangapi waliondoka baada ya mwaka wa tatu? Kanuni inaruhusu anayekwenda ubingwa wa watoto na vijana kuanza mafunzo hayo badala ya mwaka wa nne. Si dosari, ni njia halali inayookoa mwaka. Lakini darasa la watu sita likipoteza watatu, kazi za mwaka wa nne, pamoja na upangaji wa zamu, zinabebwa na watatu waliobaki. Programu iliyojipanga ina jibu tayari. Isiyojipanga itakuambia "tuko kama familia", na neno hilo likitokea mara tatu kwenye usaili mmoja, andika pembeni.

Kabla ya kupanga orodha, ingia kwenye tovuti ya ACGME utazame hali ya ithibati, ni bure na ya wazi. Ithibati ya awali maana yake ni programu changa, pengine haijahitimisha mtu. Hilo si kosa, ila huna wa kumuuliza. Onyo au kuwekwa kwenye uangalizi ni jambo jingine, na una haki ya kuuliza kilichosababisha. Tazama pia afya ya kifedha ya hospitali. Mwaka 2019 hospitali ya Hahnemann kule Philadelphia ilifungwa, na zaidi ya madaktari 500 waliokuwa mafunzoni wa fani mbalimbali walilazimika kutafuta pa kwenda.

Kwa waliosoma nje, viza inapindua kila kitu kilichosemwa juu. Cheti cha ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosoma nje, huja kwanza: Step 1, Step 2, njia mojawapo ya kuthibitisha ujuzi wa kliniki, na mtihani wa Kiingereza wa OET. J-1, viza ya mafunzo, ndiyo ya kawaida, na inadai barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako. Ianze mapema, maana faili hukaa. J-1 inakurudisha nyumbani miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa upate msamaha, kwa mfano kupitia mpango wa Conrad unaotoa nafasi 30 kwa kila jimbo kwa mwaka kwa wanaokubali kufanya kazi maeneo yenye uhaba. Na mwenye J-1 haruhusiwi kufanya lokamu, yaani zamu za kulipwa nje ya mafunzo, kwa hiyo programu ikikuvutia kwa "zamu za ziada zenye malipo mazuri", hesabu hiyo si yako. H-1B, viza ya kazi, inahitaji uwe umefaulu Step 3, hatua ya mwisho ya mtihani wa leseni, na Septemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Muulize mratibu, kwa maandishi, kama programu bado inaidhamini.

Tofauti na MMed, shahada ya ubingwa, ya Muhimbili au Nairobi, ambako swali la kwanza ni nani atalipa ada, Marekani rezidenti ni mwajiriwa anayelipwa mshahara. Hivyo linganisha mshahara na kodi ya nyumba ya mji husika. Kuulinganisha na mshahara wa mji mwingine hakukusaidii kitu.

Mwisho wa msururu ni orodha ya NRMP, na kama huduma hii ndiyo bora kuliko zote: nyota tano. Algorithimu yake, iliyoboreshwa na Alvin Roth na Elliott Peranson na kutumika tangu 1998, huanza na matakwa ya mwombaji. Kwa lugha nyepesi, kuiweka juu programu unayoipenda hakukupunguzii nafasi kwenye iliyo chini yake, hata kama ile ya juu haikutaki. Anayepanga kwa kubahatisha, "hawa walinitabasamia, niwaweke kwanza", anajiumiza bure. Kanuni za NRMP zinakataza programu kukulazimisha useme umeipanga ya ngapi, na barua tamu za Februari kutoka kwa wakurugenzi hazifungi mtu. Kinachofunga ni matokeo yenyewe: ukipangiwa, umefungwa kisheria kuanza kazi, na kuondoka ndani ya siku 45 za mwanzo bila ruhusa ni kuvunja mkataba. Ndiyo maana programu usiyoweza kuishi nayo haiingii kwenye orodha hata ya mwisho. Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi utajua kama umepata nafasi; Ijumaa utajua wapi. Aliyekosa ana kuanzia Jumatatu hiyohiyo hadi Alhamisi, kupitia SOAP, mpango wa kujaza nafasi zilizobaki, maombi yasiyozidi 45 na muda mfupi wa kujibu kila ofa, kwa hiyo nakala za barua na maelezo binafsi ya fani nyingine ziwe tayari kwenye ERAS kabla wiki haijaanza.